Kamba ya Mwani na Ridhaa ya Mnyonge

Kuna hoja moja isiyochoka kutolewa kila bei ya mwani inapolalamikiwa Unguja na Pemba: wawili wameridhiana, nani wa kuingilia? Hoja hiyo huegemezwa aya ya 29 ya Suratun Nisaa, inayotaka biashara iwe ya kuridhiana. Aya ni ya haki. Kilichopotoka ni matumizi yake. Aya haikuanza na ridhaa, bali ilianza kwa kukataza watu kuliana mali kwa batili. Ridhaa ikaja kuwa sharti, wala si kisingizio.

Na itazamwe ridhaa yenyewe. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, ulienea utaratibu wa mnunuzi kumpa mkulima, ambaye aghalabu ni mwanamke, kamba na taitai za kufungia mbegu, kwa sharti kwamba mavuno atauziwa yeye peke yake. Bei aitaje yeye, na mizani iwe yake. Mwanamke ameshinda majini bamvua baada ya bamvua, akavuna, akaanika, akauokoa mwani na mvua. Akifika penye mizani hana mwingine wa kumwendea. Hapo kuridhia kwake kuna maana gani?

Wenye kamba hujibu kwamba kamba ni msaada. Mafakihi wana kanuni mashuhuri: mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa ni riba. Ikiwa kamba ni zawadi, mkulima auze apendapo. Ikiwa ni deni, lihesabiwe kwa fedha, lilipwe, liishe. Isipokuwa zawadi wala deni, ni kitanzi.

Husemwa pia kwamba mnunuzi hubeba gharama za usafiri na misukosuko ya soko la ng'ambo. Ni kweli, na faida ni halali yake. Lakini Nabii Shuaibu hakuwaonya watu wa Madyan juu ya vipimo pekee. Aliwakataza pia kuwapunguzia watu vitu vyao. Naye Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika Ihya kwamba anayenunua kwa maskini hufanya ihsani akivumilia bei kumzidi. Leo mtu hujiona mcha Mungu kwa kuwa tu mizani haikuchezewa!

Mkulima naye hana ruhusa ya hila. Kuficha mwani mbichi chini ya mkavu, au kuuacha na mchanga ili uzito uzidi, ni ghushi ile ile aliyoilaani Mtume alipotia mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu. Lakini dhambi ya gunia haifuti dhambi ya mapatano.

Basi bei na itajwe kabla ya mbegu kufungwa, kamba iuzwe kwa thamani inayojulikana, na mizani ikaguliwe mbele ya wauzaji. Kabla ya kuuliza kama mwuzaji ameridhia, iulizwe kwanza kama aliweza kukataa.