Ukuta Ukianguka, Ndipo Vita Vinapoanza



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunaomba kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengi wenu hamkutarajia kulisoma hapa: mchezo wa kompyuta. Wazazi wanaulalamikia, vijana wanaucheza kwa kificho, na mara nyingi mimbarini michezo ya namna hii hulaaniwa kwa sentensi moja kisha mahubiri yakaendelea. Sisi twaona yafaa kwanza kutazama kinachotendeka humo. Na tukishatazama, tunalo neno la kuwaambia vijana, na neno zito zaidi la kuwaambia wazazi, wasimamizi na wote wanaowaandaa vijana kupokea Sakramenti.

Mchezo wenyewe unaitwa Terraria. Ulitolewa tarehe 16 Mei 2011 na kampuni ya Marekani iitwayo Re-Logic, na baadaye ukaingia pia katika simu za mkononi. Mchezaji hapewi njia moja ya kufuata. Anawekwa katika nchi yenye misitu, majangwa na mapango, akiwa na sururu, shoka na upanga mfupi, kisha anaachwa achimbe, ajenge na apambane apendavyo. Hata hivyo hayuko peke yake kabisa. Tangu mwanzo yuko mtu mmoja kando yake, Mwongozaji, ambaye kazi yake ni kumshauri afanye nini, na kumwonyesha kila malighafi aliyookota yaweza kutengenezwa kitu gani.

Chini kabisa ya nchi hiyo iko Kuzimu, mahali pa majivu na maziwa ya moto. Huko ndiko anakokutwa adui mkuu wa sehemu ya kwanza ya mchezo, yule ambaye vijana humwita bosi. Jina lake, tukilitafsiri, ni Ukuta wa Nyama. Ni ukuta ulio hai: una macho mawili yarushayo miali, kinywa katikati, na vinywa vidogo vyenye njaa vilivyotokeza mbele yake. Hausimami mahali pamoja. Husonga kutoka upande mmoja wa Kuzimu kuelekea upande wa pili, na kadiri unavyojeruhiwa ndivyo unavyozidisha mwendo. Mchezaji akijaribu kukimbilia mbali, au kupita nyuma yake, ulimi wake humvuta na kumrudisha. Hana budi kuushinda kabla nchi haijamwishia mgongoni.

Adui wa namna hiyo hashindwi kwa ushujaa wa ghafla. Katika kiwango cha kawaida cha mchezo, Ukuta una pointi 8,000 za uhai, ilhali mchezaji huanza safari yake akiwa na pointi 100 tu. Kwa hiyo mwenye busara huanza mapema. Hutafuta mapangoni fuwele za uhai, ambazo kila moja humwongezea pointi 20, mpaka afikishe 400. Hizo ni fuwele 15, na kila moja imefichwa mahali pake. Huchimba mawe ya moto ya Kuzimu, akayayeyusha, akajifulia vazi la vita. Huchuma maua, akayachanganya na madini na maji, akapata dawa ya kuukaza mwili. Hujifunza pia kwamba dawa ya kuponya majeraha, akishainywa, hana budi kungoja dakika nzima kabla ya kuinywa tena. Basi hainywi ovyo.

Kisha hufanya kazi isiyo na utukufu wowote: hujenga daraja. Kipande kwa kipande, mamia ya vipande, hulitandaza juu ya maziwa ya moto ili siku ya vita apate mahali pa kukanyaga huku akirudi nyuma na kupiga. Asiyejenga daraja hutumbukia motoni hata kama silaha yake ni kali. Vita vyenyewe ni vya dakika chache. Maandalizi yake ni ya siku nyingi.

Wapendwa, Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara na mfalme aendaye vitani, ambao wote wawili huketi kwanza wakahesabu (taz. Lk 14:28-32). Kijana aliyejenga daraja la namna hiyo anauelewa mfano huo kuliko tunavyodhani. Basi tusiwe wepesi kusema kwamba vijana wa leo hawana subira. Subira wanayo. Swali ni nani amewaonyesha kitu kinachostahili kungojewa.

Lakini fundisho kubwa la mchezo huu liko baada ya ushindi. Mtu angetazamia kwamba Ukuta ukianguka mchezo umekwisha, sifa zinaimbwa, na mchezaji anapumzika nyumbani kwake. Sivyo. Mara Ukuta unapoanguka, nchi yote hubadilika. Maadui wapya, wenye nguvu kuliko wa kwanza, hutokea hata mahali palipokuwa shwari. Uovu uliokuwa umejifungia pembeni huanza kuenea ardhini kwa kasi, na waweza kufika hadi kwenye nyumba alizojenga kwa jasho lake. Eneo jipya lenye mwanga na jina la utakatifu huzaliwa pia, nalo huenea sambamba na uovu, kama ngano na magugu katika shamba moja. Na hata humo mwenye kuingia hana budi kukaa macho. Vazi lililomtosha jana halimtoshi tena leo. Nyundo aliyoipata kwa kuushinda Ukuta ndiyo itakayovunja madhabahu ya mashetani, na kwa kuyavunja madini mapya hutokea chini ya ardhi; yaani tunu ya ushindi wa kwanza ni chombo cha kazi ya pili.

Hapa ndipo tunapotaka kusema wazi. Mchezo huu, uliotungwa na watu wasiokusudia kutufundisha dini, una ukweli mmoja ambao maandalizi yetu ya Sakramenti mara nyingi huunyamazia. Parokiani huwaandaa watu kwa ajili ya siku, wala si kwa ajili ya kesho yake. Tazameni Kipaimara. Watoto hufundishwa kwa muda mrefu, hukariri, huhojiwa, hushonewa nguo, Baba Askofu hufika, picha hupigwa, pilau huliwa. Jumapili ya pili yake, wako wapi? Wengi wao wameelewa kwamba wamehitimu. Na ni nani atakayewalaumu? Kila kitu walichokiona kiliwaambia kwamba huo ulikuwa mwisho: cheti, sherehe, zawadi, pongezi.

Ilhali Kanisa linafundisha kwamba Kipaimara ni mojawapo ya Sakramenti tatu za kuingizwa katika Ukristo. Jina lenyewe latuambia ni mlango. Naye aliyepita mlangoni yuko ndani, mahali penye kazi. Bwana mwenyewe, alipokwisha kubatizwa mtoni Yordani, hakupelekwa karamuni, Roho alimwongoza jangwani akajaribiwe (taz. Mt 3–4). Nabii Eliya aliwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli mbele ya taifa zima, na mara baada ya hapo twamkuta ameketi chini ya mti, amekimbia vitisho vya Yezebeli, akiomba afe (taz. 1 Fal 18–19). Hakuwa amepoteza imani. Ushindi wake ulikuwa wa kweli, na nchi ya baada ya ushindi ilikuwa ngumu kuliko ile ya kabla.

Kijana asiyeambiwa hayo, akipatwa na jaribu la kwanza zito baada ya Kipaimara, atadhani kwamba Sakramenti haikufanya kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa wanandoa. Kamati za harusi zina mwenyekiti, mweka hazina na vikao vya kila juma. Baada ya harusi hakuna kikao hata kimoja. Wakianza kugombana mwezi wa sita, hudhani wamekosea kuoana. Yafaa wangeambiwa mapema: nchi imebadilika kwa sababu mmeingia ndani zaidi, na Mungu aliyewapa neema ya kuingia anayo neema ya kukaa.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita. Ukuta wa Nyama hautokei wenyewe. Ili kuuita, mchezaji hutumbukiza katika ziwa la moto mwanasesere wa kichawi mwenye sura ya Mwongozaji, na Mwongozaji hufa. Yule aliyemshauri tangu siku ya kwanza anatolewa kafara ili mchezo uendelee. Baadaye huja Mwongozaji mwingine mwenye jina jingine, akakaa katika nyumba ile ile. Hapa mzazi ana haki ya kushtuka, nasi hatusemi mchezo huu ni mtakatifu. Tunasema: mzazi asiishie kushtuka. Aketi na mwanawe amwulize, "Mwanangu, wewe unaonaje, ni haki mtu huyu afe?" Swali hilo likiulizwa kwa upole lafungua katekesi nzima. Kwa maana sisi tunaye Kiongozi ambaye hakutupwa motoni na watu waliotaka kusonga mbele kwa hila. Alijitoa mwenyewe kwa hiari yake, akashuka kuzimu, akafufuka, wala hakuna mwingine aliyekuja kushika nafasi yake.

Na swali hilo hilo latugeukia sisi wenyewe. Waongozaji wa parokia zetu ni makatekista. Wao ndio wanaotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, wanaojua jina la kila mtoto, wanaofundisha chini ya mwembe mvua ikitishia. Siku ya Kipaimara ikipita, katekista hukumbukwa na nani? Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa. Heshima hiyo isibaki Roma. Kumtumia mtu mpaka watoto wetu wafaulu, kisha kumwacha auguze mkewe bila msaada kwa kuwa yuko mwingine wa kushika nafasi yake, ni kumtumbukiza ziwani na kuendelea na mchezo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, tukiomba Halmashauri ya Walei iyajadili. Kwanza, darasa la Kipaimara lisivunjwe siku ya Kipaimara. Liendelee kukutana mwaka mzima baadaye, hata mara moja kwa mwezi, na kila kijana apewe kazi katika Jumuiya Ndogo Ndogo yake. Pili, wasimamizi wakumbushwe kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 892, inawadai wahakikishe aliyeimarishwa anaishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Usimamizi haukomi kwa kuweka mkono begani na kutoa saa ya zawadi. Tatu, kila jumuiya ijue hali ya katekista wake: anakula nini, anatibiwa wapi, watoto wake wanasoma kwa nini.

Nanyi vijana, msidhani tumewasahau. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na michezo yake. Yasimuliwa kwamba alijiwekea mpaka wa saa moja tu ya michezo kwa juma, kwa sababu hakutaka kuwa mtumwa wa kitu alichokipenda. Ninyi mnaojua kukusanya fuwele 15 mapangoni mnaweza pia kujiwekea mpaka. Mpiganaji asiyejua kuzima simu yake saa nne ya usiku ameshashindwa na ukuta mdogo zaidi.

Daraja la imani hujengwa vivyo hivyo, kipande kwa kipande: sala fupi ya asubuhi, Kitubio kisichoahirishwa, Misa ya Jumapili ambayo hakuna anayekusifu kwa kuihudhuria. Siku ya kujengwa kwake haina nderemo. Lakini siku moto utakapowaka chini yako, na adui akija mbele yako, utajua umekanyaga nini.

Mungu awabariki nyote, na Mama Bikira Maria awaombee vijana wetu, hasa waliopokea Kipaimara mwaka huu.