Uzee Huo, Mwalimu

"Uzee huo, Mwalimu." Nimeambiwa hivyo na watu watatu: jirani yangu, muuza duka la dawa, na tabibu mmoja ambaye hakuniambia hata nivue viatu. Nawapinga wote watatu. Maneno hayo ni uvivu wa kufikiri.

Maumivu ya kisigino changu yalikuwa na tabia yake. Nikishuka kitandani alfajiri, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga msumari; nikitembea kidogo, yakapungua; nikikaa kisha nikainuka, yakarudi. Uzee hauna ratiba ya namna hiyo. Chini ya wayo umepita ukano mpana na mgumu, kutoka mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole. Ukichoshwa kwa kusimama siku nzima juu ya saruji, huumia pale unapojishikiza kisiginoni.

Wapo wanaokimbilia sindano. Sindano yaweza kutuliza kwa majuma kadhaa, lakini hutokea ukano ukakatika baadaye. Wengine huonyeshwa picha ya eksirei yenye mwiba wa mfupa, wakaingiwa na hofu; kumbe wengi wana mwiba huo na hawaumwi kitu.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa tiba ya viungo, binti wa rika la wajukuu wangu. Kabla ya kukanyaga chini, napandisha mguu juu ya goti la pili, navuta vidole kuelekea ugoko, nahesabu hadi 10, narudia mara 10. Hivyo mara tatu kwa siku. Watafiti wa Marekani waliupima mnyoosho huo wakaandika matokeo yake mwaka 2003. Tena nanyoosha shavu la mguu nikiegemea ukuta, na ndala bapa nimeziacha. Ilinichukua miezi mitano. Mvumilivu hula mbivu.

Sasa nakiri. Chuo cha ualimu kilinifunza kwamba mwalimu hakai. Nilipokuwa mwalimu mkuu nikaondoa viti vya walimu madarasani. Mwalimu mmoja, mama mtu mzima, alinijia akichechemea, akaniomba kiti. Nilimjibu, "Uzee huo, mama." Alikuwa na miaka 46.

Enyi wakuu wa shule, rudisheni viti. Mwalimu hafundishi kwa visigino.