Tuache kumngoja Mamadou mwingine

Kila mji unapotekwa mashariki mwa Congo, utasikia watu wakisema: angekuwepo Mamadou, haya yasingetokea. Namheshimu marehemu, lakini imani hiyo inatuangamiza.

Kanali Mamadou Ndala aliongoza kikosi cha 42 cha makomando wa jeshi la Congo dhidi ya waasi wa M23 mwaka 2013. Alikuwa mstari wa mbele na vijana wake, akizungumza na raia barabarani, nao wakampenda. Julai mwaka huo, uvumi tu kwamba anaitwa Kinshasa uliwatoa watu wa Goma kuandamana. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Uhamisho wa ofisa mmoja ukiutia mji mzima hofu, basi jeshi lenyewe halijajengwa.

Na ule ushindi haukuwa wake peke yake. Juu yake alikuwepo Jenerali Lucien Bahuma. Machi 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, wakaja askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wenye ruhusa ya kushambulia. Wafadhili nao waliibana Rwanda iache kuwasaidia waasi hao. M23 ikasalimu amri Novemba. Sisi tukaukumbuka uso mmoja.

Tarehe 2 Januari 2014, gari la Mamadou lilipigwa roketi karibu na Beni, likateketea naye ndani. Lawama za kwanza zilikwenda kwa waasi wa ADF. Novemba ya mwaka huo, mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo luteni kanali wa jeshi lake mwenyewe kwa kuhusika na mauaji hayo. Kupendwa na askari na raia hakukumkinga na waliovaa sare kama yake. Kufikia hukumu hiyo, raia wa Beni walikuwa wameshaanza kuchinjwa.

Askari aliyezoea kumfuata mtu, mtu huyo akiondoka, hajui amtii nani. Wala tusidanganyane kwamba ujasiri umetoweka: Januari 2025 Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, aliuawa alipokwenda mstari wa mbele. Siku chache baadaye Goma ilitekwa na M23 iliyorejea.

Wakubwa wa Kinshasa, mlipeni askari mshahara wake wote, kwa wakati. Mpelekeeni chakula na risasi, mwondoeni vitani anapojeruhiwa, na kila kamanda awe na msaidizi anayeujua mpango mzima. Nanyi ndugu zangu wa Goma na Beni, wadaini hayo kwa sauti ileile mliyomlilia Mamadou.