Fedha Bila Kazi: Filamu za Wall Street na Uongo wa Fani

Mnamo Januari 2014 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street (2013), filamu ya Martin Scorsese, kwa sababu ya uchi, ufuska na matusi. Wako wanaoitetea marufuku hiyo kwa jina la maadili, na wako wanaoipinga kwa jina la uhuru wa msanii. Pande zote mbili zimeuchungulia mwili na kuisahau kazi. Hakuna anayeuliza wahusika hawa wanafanya nini hasa kutwa nzima ofisini.

Jibu limo katika filamu yenyewe. Jordan Belfort, mhusika mkuu ambaye pia ndiye msimulizi, anaigeukia kamera na kuanza kueleza jinsi hisa za kampuni zinavyouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza. Kabla hajafika popote anajikatiza, akidai kwamba mtazamaji hafuati na wala hapana haja afuate. Mhakiki mwenye haraka atalicheka hilo kama mzaha, ilhali huo ndio ufunguo wa fani nzima. Filamu ya saa tatu ina nafasi ya karamu, mashua ya kifahari na dawa za kulevya. Haina nafasi ya kueleza fedha zimetoka wapi. Walionyang'anywa akiba zao ni sauti tu za kwenye simu. Sura hawana. Akishaondolewa aliyedhulumiwa, anasa huchipuka kama uyoga, pasipo aliyeipanda.

Watetezi hujibu kwamba hii ni tashtiti, na humtaja yule mpelelezi anayerudi nyumbani kwa treni karibu na mwisho, akiwatazama abiria waliochoka. Haya, ni tukio zuri. Lakini ni la dakika chache dhidi ya saa tatu. Hoja hiyo, hata hivyo, ilikwisha kujaribiwa. Oliver Stone, mwana wa dalali wa hisa, alitunga Wall Street (1987) kwa nia ya kusuta. Michael Douglas alituzwa Oscar kwa kumwigiza Gordon Gekko, na tangu hapo amesimulia jinsi watu wa biashara hiyo wanavyomwendea kumwambia kuwa Gekko ndiye aliyewavuta kuingia humo. Tashtiti inayowavutia waajiriwa kwa kazi iliyokusudia kuikemea imeshindwa, hata dhamira ya msanii iwe njema namna gani. Katika filamu hiyohiyo yumo Carl Fox, fundi wa ndege, mtu ambaye kazi yake inaeleweka. Nani amkumbukaye?

Mnamo 2021 vijana 13 wa mwaka wa kwanza katika benki ya Goldman Sachs waliandaa ripoti iliyovuja: kwa wastani walifanya kazi saa 95 kwa juma na kulala saa 5 kwa usiku. Kazi ya ngazi hiyo ni majedwali ya tarakimu kwenye tarakilishi, na kurasa za mapendekezo kwa wateja ambazo mkubwa huzirudisha usiku wa manane ili zinyooshwe kabla ya alfajiri. The Big Short (2015) ilipotaka kueleza dhamana za mikopo ya nyumba, ilimtia mwigizaji ndani ya beseni la povu ili mtazamaji asisinzie. Margin Call (2011) pekee ndiyo inayothubutu kuuonyesha uchovu. Humo mhandisi aliyefutwa kazi benki anakokotoa muda ambao daraja alilolijenga zamani limewaokolea wasafiri, na hesabu hiyo inaifedhehesha benki kuliko hotuba yoyote.

Kuonyesha kazi si jambo lisilowezekana katika sanaa. Adam Shafi, katika Kuli (1979), hawaachi makuli wa bandari ya Zanzibar wawe pambo la mandhari. Mgomo wa 1948 unaeleweka kwa sababu msomaji amekwisha kuuhisi uzito wa gunia. Mwanafunzi wa biashara anayezitazama filamu za Wall Street hapewi gunia lolote alipime, na kwa picha hiyo huamua maisha yake.

Nairobi nayo iliona kampuni za udalali wa hisa zikiporomoka mnamo 2007 na 2008, na wawekezaji wadogo wakihangaika kuzidai fedha zao. Hao ni ndugu wa sauti zile za kwenye simu. Mhakiki atakayeirudia filamu ya Scorsese aanze nao, aulize kwa nini kamera haikuwafuata nyumbani.