Mtoto naye anahitaji ukuta wa kutundika picha yake

Mzazi mwenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Desemba iliyopita nilirudi kutoka kuchuma chai, nikakuta ukuta wa sebule tuliokuwa tumeupaka chokaa kwa ajili ya Krismasi umechorwa mkaa. Ng'ombe, migomba, na mtu mrefu mwenye mwavuli. Sikumuuliza binti yangu huyo mtu ni nani. Nilichukua fimbo. Kesho yake nikapaka chokaa upya.

Hakuchora tena, na mimi nikajisifu kwamba ameshika adabu. Mwezi Machi mwalimu wake akaniambia kuwa kipindi cha kuchora kikifika, mtoto anakaa na karatasi tupu. Akiulizwa anajibu, "Mama hapendi."

Maneno hayo mawili ndiyo yamenifanya nijiunge na wazazi wachache hapa Kinyala tunaoandaa maonesho ya picha za watoto wakati wa likizo ya Juni. Mzee mmoja ametuazima chumba kilichokuwa duka lake. Watoto watatangulia. Baada yao watafuata akina mama wanaosuka mikeka na vikapu, nao watatundika kazi zao humo humo.

Jirani mmoja ameniuliza, "Dada, sanaa si mambo ya Dar es Salaam?" Nikamkumbusha habari za Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru, akafanya kazi za nyumbani Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unabeba jina lake hadi leo. Hata Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008, wasanii wake wengi wanafanyia kazi ndani ya makontena. Kwa hiyo chumba cha duka kinatosha.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Shuka hadi Matema, Jumamosi, kwenye soko la Lyulilo. Utakuta vyungu vya Wakisi vimepangwa chini, vimeletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyeupeupe na michoro ya rangi nyekundu. Vimefinyangwa na wanawake waliojifunza kwa mama na bibi zao. Sisi tunapatana bei, tunabeba, tunaondoka. Siku moja simama na mwanao, mwamkie bibi anayeuza, kisha mwache mtoto aulize mchoro ule umewekwaje. Hayo nayo ni maonesho, na kuuliza hakulipiwi.

Kama utawaleta watoto wako, au ukitaka kufanya hivi mtaani kwenu, haya ndiyo tuliyokubaliana.

Usimuulize mtoto, "Hii ni nini?" Swali hilo linamwambia kwamba picha haieleweki. Mwambie, "Nisimulie picha yako," halafu nyamaza usikilize.

Usimshike mkono kumrekebishia. Ng'ombe akiwa na miguu mitano, muache nayo. Usimlinganishe na kaka yake wala na mtoto wa jirani. Kwetu hakutakuwa na mshindi wa kwanza.

Usinunue vitu vya gharama. Mkaa upo jikoni, udongo mwekundu upo shambani, na maboksi ya sabuni yanapatikana dukani. Unga wa ngano ukipikwa na maji unakuwa gundi.

Chini ya kila picha andika jina la mtoto, umri wake, na maneno aliyoyasema yeye, kama alivyoyasema. Usiyanyooshe.

Mwisho, mzazi aje mwenyewe. Usimtume dada wa kazi. Mtoto anamtafuta mtu mmoja tu katika chumba kile, na mtu huyo ni wewe. Juni huku kwetu ni baridi, kwa hiyo mvalishe sweta.

Nyumbani kwangu haikuwa rahisi. Nilimwomba msamaha binti yangu, nikamwekea mkaa na boksi mezani. Siku nne hakuvigusa. Siku ya tano nikachora ng'ombe mimi mwenyewe, mbaya kweli, akacheka, akaninyang'anya mkaa.

Ndipo nikamuuliza kuhusu yule mtu mwenye mwavuli. Akasema, "Ni babu. Alikuwa ananifuata shuleni mvua ikinyesha."

Baba yangu alifariki Novemba. Hatuna picha yake akiwa na mwavuli ule, na ile iliyokuwepo niliifunika kwa chokaa.

Amemchora mwingine kwenye boksi. Anasema si sawa na wa kwanza, miguu imekuwa mifupi. Tutamtundika mlangoni, mkiingia mtamwona. Karibuni, na wale wote waliokwisha kutuletea maboksi, ndaga fijo.