Paswadi Haizifichi Picha za Kupamba

Ukialikwa kwenye kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, utapekuliwa mkoba mlangoni na simu utaiacha kwa akina mama waliosimamia. Ndani mabuibui huvuliwa, na mwenye kamera ni mwanamke mmoja tu aliyekubaliwa na wenyewe. Utaratibu mzuri, binti zangu waliolewa hivyo hivyo. Ila picha zote za usiku ule huishia kwenye laptopu, na laptopu ikiharibika huletwa kwangu Kibokoni, kwa fundi mwanamume.

“Usijali, ami, nimeitia paswadi,” wapiga picha huniambia.

Paswadi ile inamzuia mtu anayewasha mashine. Skrini ikifa, mimi siiwashi. Nafungua mfuniko wa chini, naitoa diski, naitia kwenye kasha la USB na kuichomeka kwenye kompyuta yangu, ambayo haina habari na paswadi ya mtu. Pengine itanionya kwamba sina ruhusa ya kufungua folda fulani. Nikibonyeza kitufe kimoja, inanipa. Zote ziko wazi: za kupamba, za nikahi, na pasi za watu zilizoskaniwa kwa safari ya Umra.

Mimi hunakili nilichoagizwa bila kutazama. Lakini kwa nini sitara ya bibi harusi itegemee tabia ya fundi? Na aliyeipokonya laptopu barabarani, je?

Dawa ni kuisimba diski, yaani kuyageuza yote yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Windows ya Pro ina BitLocker, Mac ina FileVault. Mwenye Windows ya Home na aangalie kwenye mipangilio, kwani baadhi ya mashine zina usimbaji wake; akiukosa, VeraCrypt ni ya bure. Diski za nje nazo zisisahaulike, maana ndizo zinazobeba harusi za miaka yote.

Mafundi wenzangu hulalamika kwamba diski iliyosimbwa inawatatiza kazi. Ni kweli. Ufunguo wa dharura wa BitLocker una tarakimu 48, na ukiupoteza hakuna fundi wa Mombasa wala wa Nairobi atakayekurudishia picha zako. Uandike karatasini, uuweke pamoja na hati za nyumba, na uwe na nakala nyingine ya picha, nayo isimbwe. Huo usumbufu naukubali.

Wanaouza mashine zao kuukuu ndio wasiosikia kabisa. Wanafuta mafaili, wanaona kweupe, wanapokea pesa. Kufuta kwa kawaida huondoa jina la faili kwenye orodha tu; picha mara nyingi hukaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza walivyonunua diski 158 zilizotumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12. Laptopu za “ex-UK”, yaani zilizotumika Uingereza, tunazozigombania hapa zimetoka kwenye biashara hiyo hiyo ya mitumba.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha ya mtu na familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenyewe waambiwe. Lakini ikiwa alizilinda ipasavyo, kwa mfano kwa kuzisimba, halazimiki kuwaambia wenyewe. Hebu mfikirie mpiga picha akibisha hodi nyumba baada ya nyumba, Ndia Kuu hadi Kuze, akieleza picha zilivyopotea.

Kwa hivyo, wazazi wenye harusi, kabla ya kutoa arubuni muulizeni mpiga picha kama diski zake zimesimbwa. Akijibu kwamba zina paswadi, tafuteni mwingine.