Gari la Marehemu Lithaminiwe Kabla ya Kugawanywa

Katika mji wa Isiolo na viunga vyake si ajabu kuliona Land Rover kuukuu limeegeshwa chini ya mgunga, magurudumu yamezama mchangani na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Mwenyewe alikwisha kufariki. Warithi wamegawana mbuzi na ngamia bila taabu kubwa, kwa kuwa bei ya mbuzi kila mtu huijua tangu utotoni. Gari ndilo lililobaki, kwa sababu hakuna anayejua ni mali kiasi gani. Kisha siku moja hutokea dalali, akalizunguka mara moja, akaigonga bodi kwa kidole na kutaja bei ya vyuma chakavu. Mara nyingi jamaa hukubali, na hata humshukuru kwa kuwaondolea takataka uani.

Nimelishuhudia jambo hili zaidi ya mara moja, nami naona lafaa kuzungumzwa na walimu pamoja na wanafunzi wao, maana ndani yake mna hesabu, historia na haki.

Tuanze na hesabu. Tuseme marehemu, Mwislamu, ameacha mjane mmoja, wavulana wawili na msichana mmoja, na gari lina thamani ya shilingi 480,000. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani shilingi 60,000. Zinazobaki ni 420,000, na kwa kuwa mwana wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja, kila mvulana atapata 168,000 na dada yao 84,000. Sasa tuseme mvulana mkubwa, ambaye ndiye mwenye ufunguo, analitaka gari lenyewe, naye anasema kwamba dalali amelithamini kwa shilingi 80,000 tu. Mama atapewa 10,000, dada 14,000 na ndugu 28,000. Kijana atatoa jumla ya shilingi 52,000 mfukoni mwake na kubaki na mali ya 480,000, ilhali kwa haki alipaswa kutoa 312,000. Tofauti ya shilingi 260,000 imetoka kwa mamaye na nduguze, wala hakuna aliyeiba kitu machoni pa watu. Kadhi amegawa sawasawa kabisa. Kilichopotoka ni namba aliyopewa aigawe.

Kwa wasio Waislamu mafungu ni mengine lakini hatari ni ile ile. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, humwachia mjane vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu, lakini hueleza waziwazi kwamba gari halimo katika vyombo hivyo. Lazima liorodheshwe pamoja na mali nyingine. Aidha, sheria hiyo humkataza mtu yeyote kuigusa mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama. Anayeliuza gari la babaye kwa dalali juma moja baada ya matanga anatenda kosa, hata kama ndiye kifungua mimba.

Basi thamani hupatikanaje? Usione vyaelea, vimeundwa. Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka wa 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, ndipo waundaji wakatumia mchanganyiko wa alumini kutengeneza bodi. Ndiyo sababu bodi ya gari la miaka ya 1950 huweza kuwa nzima hadi leo, ilhali chesisi yake, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu. Mthamini hodari hulala chali chini ya gari kabla hajatazama kitu kingine. Hapa ukame wetu umetufaa, kwani gari lililokaa Isiolo miaka arobaini huenda likawa na chesisi ngumu kuliko lililokaa Mombasa kando ya chumvi ya bahari.

Umri nao husomeka kwa macho. Magari ya awali yana taa kuu zilizobanana katikati, karibu na wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa kwenye mabawa. Yale ya kuanzia mwaka wa 1971 yana wavu wa plastiki, na saa za mwendo zimewekwa mbele ya dereva badala ya katikati. Namba ya usajili isiyo na herufi ya mwisho huonyesha kwamba gari liliandikishwa kabla ya utaratibu wa mwaka wa 1989. Lililo muhimu zaidi ni namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizomo katika kitabu cha usajili. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ugumu wenyewe ni kwamba gari hili lina soko zaidi ya moja. Mafundi wetu wameyatoa mengi injini zake za petroli na kutia za dizeli za Toyota. Kwa mfanyabiashara wa mifugo anayekwenda Merti au Garba Tulla, badiliko hilo laongeza bei, lakini kwa mkusanyaji wa magari ya kale laipunguza, maana yeye hununua uasilia. Ikiwa injini ya kwanza ingali imetupwa ghalani, isiuzwe peke yake. Wala asitokee mtu wa kulipaka gari rangi mpya ili lipendeze kwa mnunuzi. Mkusanyaji huiona rangi hiyo kama kifuniko cha maovu. Kuna wakaguzi wa magari, wakiwamo wa AA Kenya, ambao hutoa ripoti ya maandishi kwa ada. Waelezwe mapema kwamba ni gari la kale, kwani hesabu ya kawaida ya uchakavu hushusha bei kila mwaka hadi ikakaribia sufuri, nayo haijui kwamba baada ya miaka mingi bei huweza kugeuka na kupanda. Wajuzi wengine hukutana Nairobi katika mashindano ya umaridadi wa magari, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka wa 1970.

Bei za ng'ambo zisitulevye. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2015 Land Rover lililohesabiwa kuwa la milioni mbili liliuzwa kwa mnada London kwa pauni 400,000, fedha zikaenda kwa wahisani. Lile lilinunuliwa kwa ajili ya jina lake. Letu lina hadithi pia, lakini hadithi hutaka ushahidi. George Adamson alikuwa askari wa wanyamapori mwenye makao Isiolo, naye na mkewe Joy walimlea simba Elsa kuanzia mwaka wa 1956. Tangu hapo, ukiwasikiliza wauzaji, kila Land Rover kuukuu la mji huu lilipata kumbeba Elsa! Simba yule angekuwa hana siku ya kupumzika. Picha moja ya zamani inayoonyesha namba ya gari, au risiti ya kwanza ya ununuzi, ina uzito kuliko masimulizi ya jioni nzima.

Walimu wa hisabati na wa historia waliomo Isiolo wana kifaa cha kufundishia kisichohitaji bajeti ya shule. Kwa idhini ya wenyewe, wanafunzi wapelekwe kwenye gari la namna hii na daftari na tochi. Wanakili namba ya chesisi, watazame taa, wagonge chesisi, wawaulize wazee lilinunuliwa lini na wapi. Kisha wagawe mafungu mara mbili, kwanza kwa bei ya dalali, halafu kwa bei ya mkaguzi, na karatasi zote mbili wampelekee yule mama anayeishi kwenye ua huo.